SOMO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: WAKILI HUITWA KABLA YA FEDHA KUTOKA

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba wenye nia ya kununua au kuuza nyumba, kiwanja au fleti katika Wilaya ya Ilala, Dar es Salaam, wanaombwa kulisoma somo hili kwa makini kabla ya kutoa au kupokea fedha yoyote. Ilala ndiyo yenye Kariakoo, Gerezani, Mchikichini, Buguruni, Upanga na Kisutu, mitaa ambayo wengi wetu tuna ndugu, maduka au biashara. Aghalabu fedha inayonunulia nyumba huko ni kiinua mgongo cha mtumishi aliyestaafu, au akiba ya miaka mingi ya familia nzima. Fedha hiyo ikipotea, mwenyewe hana umri wa kuitafuta tena.

Mazoea ya wengi ni haya: mnunuzi hutafuta dalali, dalali humpeleka kwa muuzaji, bei hukubaliwa, fedha hutolewa, na mwisho wote huenda kwa wakili ili agonge muhuri. Utaratibu huo umepinduka. Wakili anayeitwa mwishoni hushuhudia saini tu. Hakuulizwa kama muuzaji ndiye mwenye mali, wala hakutumwa kuchunguza. Wakili anayeitwa mwanzoni ndiye anayeweza kumwambia mteja wake neno lenye thamani kuliko yote, nalo ni: "Usilipe."

1. SHERIA INAYOTUMIKA

Ifahamike kwanza kuwa ardhi si jambo la Muungano. Visiwani hutumika Sheria ya Ardhi Na. 12 ya mwaka 1992. Tanzania Bara hutumika Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kufanya kazi mwaka 2001. Kwa hiyo wakili anayeyajua vyema mambo ya nyumba za Ng'ambo au Mji Mkongwe si lazima awe anaruhusiwa kufanya kazi hiyo Ilala. Atafutwe wakili aliyesajiliwa Tanzania Bara.

Kwa mujibu wa sheria ya Bara, ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Anachonunua mtu ni haki ya kuimiliki kwa muda ulioandikwa katika hati, muda ambao hauzidi miaka 99. Wakili aulizwe miaka mingapi imebaki. Mzanzibari, kwa kuwa ni raia wa Tanzania, ana haki ya kumiliki ardhi Bara kama raia mwengine yeyote. Lakini asiye raia kwa kawaida hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Basi mwenye kutaka kuandikisha nyumba kwa jina la mwanawe aliyechukua uraia wa nchi nyengine, na amuulize wakili mapema.

2. NAMNA YA KUMCHAGUA WAKILI

Uingereza kazi ya kuhamisha nyumba ina wanasheria wake maalumu. Kwetu wakili yeyote mwenye leseni aweza kuifanya, lakini si kila wakili ana uzoefu nayo. Aidha, wapo watu wajiitao mawakili hali ya kuwa sio, ambao wananchi wamewapa jina la vishoka. Huwa na muhuri, meza na maneno mazuri. Kwa sababu hiyo mwananchi azingatie yafuatayo:

(a) Ahakikishe jina la wakili limo katika orodha ya mawakili. Mahakama ya Tanzania inao mfumo wa e-Wakili ambao mtu aweza kuutumia kuangalia jina hilo. Chama cha Wanasheria Tanganyika nacho kinaweza kuulizwa. Leseni ya uwakili huhuishwa kila mwaka, hivyo leseni ya mwaka uliopita haitoshi.

(b) Aende ofisini kwa wakili. Wakili wa kukutana naye mkahawani tu, au ndani ya gari ya dalali, asiaminiwe na mali ya mtu.

(c) Amuulize wazi: amewahi kuhamisha hati ngapi za Ilala? Nani hasa atakwenda katika ofisi ya ardhi, yeye mwenyewe au karani wake? Kazi itachukua muda gani?

(d) Ada ikubaliwe kwa maandishi, na kila malipo yapewe risiti. Iko Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 inayoweka viwango, na mteja ana haki ya kuonyeshwa kiwango kinachomhusu.

(e) Asimchukue wakili aliyeletwa na dalali au na muuzaji. Dalali hulipwa biashara ikikamilika; wakili wako hulipwa akuambie ukweli hata kama ukweli huo utaivunja biashara. Ni vyema mnunuzi na muuzaji kila mmoja awe na wakili wake.

Sheria ya Mawakili inamkataza asiye na sifa kuandaa hati za namna hii kwa malipo, na inataka hati iandikwe jina la aliyeiandaa. Hati isiyo na jina hilo ni dalili ya kwanza ya kishoka. Na wakili halali akikiuka maadili, mteja anaweza kumshitaki kwa Kamati ya Mawakili, yenye uwezo wa kumsimamisha au kutaka jina lake lifutwe.

3. KAZI YA WAKILI KABLA YA MALIPO

Kazi ya kwanza ni upekuzi. Wakili huomba rasmi kwa Msajili wa Hati, kwa ada, aelezwe nani ameandikishwa kuwa mmiliki, na kama mali ina rehani ya benki au zuio lililowekwa na mtu mwenye madai. Hati nzuri machoni si ushahidi wa kutosha. Kinachosema kweli ni daftari la Msajili. Nakala ya hati iliyotolewa fotokopi isikubaliwe kabisa, kwani huenda hati yenyewe iko benki.

Kazi ya pili ni kutambua aina ya karatasi inayouzwa. Hati miliki ni jambo moja. Barua ya toleo ni jambo jengine, kwani yaweza kuwa na masharti ambayo hayajatimizwa. Katika sehemu zilizojengwa bila ya kupimwa, kama baadhi ya maeneo ya Buguruni, wakaazi wengi walipewa leseni za makazi, ambazo ni za muda mfupi na hazina nguvu sawa na hati. Katika maduka na fleti za katikati ya mji kuna pia kilemba. Mwenye kulipa kilemba amenunua nafasi ya mpangaji tu. Nyumba yenyewe hubaki ya mwenyewe, awe ni mtu binafsi au Shirika la Nyumba la Taifa, na mwenye nyumba asiporidhia, hata nafasi hiyo yaweza kuondoka.

Kazi ya tatu ni kumtambua muuzaji na ndoa yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzake. Muuzaji mwenye wake zaidi ya mmoja aulizwe ni yupi anayeishi humo, na ridhaa iandikwe. Akiuza mtu kwa niaba ya mwengine, wakili athibitishe kuwa aliyempa mamlaka hayo yu hai, kwani mamlaka hayo hufa pamoja na mwenyewe.

Kazi ya nne ni kuliona eneo. Wapangaji waulizwe wanamlipa nani kodi, majirani waulizwe mipaka, na kodi ya pango la ardhi iangaliwe kama imelipwa. Kwa jengo la ghorofa, kibali cha ujenzi kitafutwe katika Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 2021 ndiyo mamlaka ya Ilala. Hili si jambo la makaratasi tu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, na tarehe 16 Novemba 2024 likaporomoka jengo la Kariakoo. Katika kila ajali walifariki watu zaidi ya 20.

4. NYUMBA YA URITHI: MFANO

Khatari kubwa zaidi ya Kariakoo imo katika nyumba za urithi. Mtaa huo, uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza cha Vita Kuu ya Kwanza, ulijaa nyumba za Kiswahili za vyumba sita na ukumbi kati. Wenyewe wengi wamekwisha kufariki, na kiwanja kidogo cha nyumba hiyo leo kina thamani kubwa kwa wajenzi wa maghorofa.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja amefariki akaacha nyumba, wake wawili na watoto saba. Mtoto mkubwa ndiye akaaye humo, ndiye mwenye hati mkononi, na ndiye anayetaka kuuza. Ana maneno ya kweli: hati ni halisi, jina la baba limo, majirani wote wanamjua. Mnunuzi akilipa, hajanunua kitu, kwa sababu mtoto huyo hana mamlaka ya kuuza. Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama.

Wakili hodari atafanya hivi. Atataka barua ya uteuzi, ambayo ikitolewa na Mahakama ya Mwanzo huwa ni Fomu Na. IV, na atakwenda Mahakamani humo kuhakikisha kuwa shauri hilo lipo na uteuzi haujatenguliwa. Atataka jina la msimamizi liandikishwe kwanza kwa Msajili mahali pa jina la marehemu. Ingawa msimamizi ndiye mwenye mamlaka, atataka warithi wote watu wazima waridhie kwa saini, wakiwemo wajane na mabinti walioolewa mbali, maana mrithi aliyesahaulika ndiye anayefungua kesi. Atauliza pia kama nyumba iliwahi kutolewa hiba au kuwekwa wakfu, kwani wakfu hauuzwi. Haya yakikamilika, ndipo bei izungumzwe.

Baadhi ya familia haziuzi, bali huingia ubia na mjenzi: wao hutoa kiwanja, yeye hujenga, kisha hugawana ghorofa. Anayenunua sehemu ya jengo la namna hiyo aonyeshwe mkataba wa ubia, na aulize kama hati ya sehemu yake itatoka chini ya Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo.

5. MKATABA NA MALIPO

Mkataba wa mauzo ya ardhi ni lazima uwe wa maandishi. Ahadi ya mdomo haina nguvu mbele ya sheria hata ikitolewa mbele ya mashahidi kumi. Malipo yapite benki na yagawanywe: sehemu wakati wa kutia saini, na baki hati ikihamishwa. Wakili akishika fedha za mteja, aziweke katika akaunti ya wateja, mbali na fedha zake. Uhamisho haujakamilika mpaka uandikishwe kwa Msajili. Mwenye kukaa na mkataba sandukuni miaka mitano bila ya kuuandikisha amemwachia mwengine mlango wazi.

Muuzaji naye ana haki ya kulindwa. Asikabidhi hati yake halisi kwa dalali. Ajue kuwa faida ya mauzo hutozwa kodi na TRA, ambayo kwa mkaazi ni asilimia 10 ya faida. Hivyo atunze risiti za manunuzi na matengenezo, kwani gharama hizo hupunguzwa. Ushuru wa stempu ni asilimia 1. Mkataba useme waziwazi nani atalipa nini.

Ama muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, huo husaidia kujua kama watu wanamfahamu muuzaji. Hauhamishi umiliki, na asilimia kumi inayodaiwa katika baadhi ya mitaa si kodi ya Serikali.

6. MASWALI YA KUJIPIMA

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi ajiulize: Wakili huyu ni wangu, au ni wa muuzaji? Nimeona jibu la Msajili kwa macho yangu? Aliyeandikwa katika daftari ndiye anayeuza? Kama amefariki, msimamizi ni nani na warithi ni wangapi? Mke au mume ameridhia? Ninanunua nyumba, au kilemba?

Ikiwa swali moja tu halina jibu, fedha zibaki benki. Nyumba njema itangoja wiki mbili, na muuzaji asiyekubali kungoja upekuzi amekwisha kutoa jibu lake.

Wakuu wa idara wanaombwa kulibandika somo hili katika ubao wa matangazo, na kuwasomea hasa watumishi wanaokaribia kustaafu.