Jua Likiisha Kutua: Somo juu ya Mwanga na Usingizi

Katika vijiji vya Kongo, karibu na mstari wa ikweta, usiku na mchana ni ndugu wa kimo kimoja. Jua hutua upesi, na giza huingia kabla ya chakula kuiva. Kwa wazee giza hilo lilikuwa amri: jembe liwekwe chini, kuku wafungiwe, watu wasogee motoni. Siku hizi amri hiyo haisikiwi sana. Nyumba isiyo na waya wa umeme huweza kuwa na paneli ndogo ya jua juu ya paa, na taa nyeupe isiyotoa moshi, na simu. Watu walio wengi katika Kongo hawajapata umeme wa nyaya, lakini usiku wao umekwisha kubadilika.

Kwanza, wazee wasisingiziwe. Wengi hudhani kwamba watu wa kale walilala pamoja na kuku. Sivyo. Mwaka wa 2015 wataalamu walitangaza habari za watu wanaoishi bila umeme: Wahadza wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Waliwavalisha mkononi chombo kidogo cha kupima usingizi, wakaona ya kuwa watu hao hukesha saa tatu na zaidi baada ya jua kutua.

Hukesha wakifanya nini? Mtaalamu mmoja wa desturi za watu, mama Polly Wiessner, alisikiliza kwa muda mrefu mazungumzo ya Wasan wa Botswana na Namibia, akaandika habari yake mwaka wa 2014. Mchana maneno yao yalikuwa zaidi ya kazi na chakula, na manung'uniko ya mtu juu ya mwenzake. Usiku, kando ya moto, mazungumzo 81 katika 100 yalikuwa hadithi: safari, ndoa, mambo ya watu walio mbali. Ugomvi wa mchana ulipoa pamoja na makaa. Mzee wa Kongo akisikia hesabu hiyo atacheka, maana alilijua jambo hilo barazani bila kuhesabu.

Sasa yafaa kuuliza: ikiwa wazee nao walikesha, taa ya leo ina kosa gani?

Jibu limo ndani ya mwili wenyewe. Mwaka wa 1962 kijana Mfaransa, Michel Siffre, mwenye umri wa miaka 23, alishuka katika pango lenye barafu katika milima ya Alpi. Alikaa humo miezi miwili bila saa na bila kuona jua. Alikuwa na simu ya waya tu, ya kuwaambia wenzake waliokuwa juu kila alipoamka na kila alipotaka kulala. Nao walikatazwa kumtajia saa. Walipomwambia ya kuwa muda umekwisha, siku ile ilikuwa Septemba 14, naye kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa Agosti 20! Akili yake ilipoteza karibu siku 25. Lakini mwili wake haukupotea hivyo: uliendelea kulala na kuamka kwa zamu ya saa 24 na nusu hivi. Basi mwanadamu ana saa ndani yake. Saa hiyo huenda yenyewe, ila hukosea kidogo kila siku, na kinachoirekebisha ni mwanga.

Kazi hiyo hupitia machoni. Ndani ya jicho mna chembe ambazo kazi yake kubwa ni kupima kama kumekucha au kumekuchwa. Nazo huamshwa zaidi na mwanga wa rangi ya buluu, kama ule wa mbingu ya mchana. Giza likiingia, tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo hutoa maji yaitwayo melatonini, yanayoutangazia mwili kwamba usiku umefika. Daktari Mmarekani, Aaron Lerner, aliyapata mwaka wa 1958 katika tezi za ng'ombe. Mwanga wa moto ni mwekundu na hafifu, hausumbui sana tangazo hilo. Taa nyeupe ya leo ina buluu nyingi, na simu hushikwa karibu kabisa na uso. Jicho husema: bado ni mchana.

Huko Argentina, katika nchi ya Chaco, vipo vijiji viwili vya kabila moja, Watoba. Kimoja kilikuwa na umeme, kingine hakikuwa nao. Walipopimwa, wale wenye umeme walilala pungufu kwa dakika 40 hivi wakati wa joto, na karibu saa nzima wakati wa baridi.

Lakini mwanga hauna hatia yote. Watu 12 walipojaribiwa Marekani kwa kusoma jioni, mara katika kitabu cha karatasi, mara katika chombo chenye kioo cha mwanga, kioo kiliwachelewesha kusinzia dakika 10 tu. Dakika kumi si kitu. Kinachoiba saa mbili ni yale yaliyomo: picha moja huita nyingine, ujumbe hudai jibu, mpira unachezwa Ulaya. Moto ulikuwa na mwisho wake, kuni zikiisha watu walitawanyika. Simu haiishi kuni.

Tena moto mmoja uliwakusanya watu kumi, lakini simu kumi huwatenga watu kumi waliokaa mkeka mmoja. Bibi anaanza hadithi, anaona nyuso zimeinama, ananyamaza.

Mtoto ndiye anayelipa zaidi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Akilala saa tano ya usiku, kisha akaamshwa saa kumi na moja alfajiri akachote maji, amepata saa 6. Shuleni anasinzia, naye mwalimu humwita mvivu. Huenda si mvivu hata kidogo.

Hayo hayasemwi ili taa ivunjwe. Mkunga aliyepokea watoto kwa kibatari anaijua thamani ya taa nyeupe, na simu ya usiku wa manane imewahi kumletea mgonjwa pikipiki ya kumpeleka hospitali. Lakini simu inaweza kulazwa chumba kingine, imewashwa ili ilie kwa shida, na taa kubwa ikazimwa chakula kikiisha. Wala mwili haukawii kurudi njiani. Mwaka wa 2013 ilitangazwa habari ya watu wa mji waliopelekwa kulala mahemani kwa juma moja katika milima ya Colorado, bila mwanga ila wa jua na moto: saa ya miili yao ilirudi nyuma karibu saa mbili, wakasinzia mapema kama wakulima.

Maulizo. Kwa nini Siffre alikosea tarehe, lakini mwili wake haukusahau zamu ya kulala? Mwanga wa moto na mwanga wa simu zatofautianaje? Katika nyumba yenu, nani hulala wa mwisho, na mtoto mdogo huamka saa ngapi?