SELERI: MBOGA INAYOTAKA MAJI NA SUBIRA

Wakulima wengi wa nyanda za juu za Kenya wanazifahamu sana kabichi, karoti na sukuma wiki, lakini waliojaribu seleri ni wachache. Wengine waliipanda mara moja wakaiacha, kwa kuwa mabua yalitoka membamba, yenye nyuzi kama kamba na machungu mdomoni. Mara nyingi kosa halikuwa la mbegu wala la udongo. Kosa lilikuwa la maji.

Seleri ni ya jamii moja na karoti na dania. Asili yake ni mmea wa mahali penye majimaji, na tabia hiyo haijaiacha. Mizizi yake haishuki mbali kutafuta maji, bali hukaa karibu na uso wa ardhi. Udongo wa juu ukikauka, mmea hutaabika mara moja. Tena hupenda hali ya ubaridi wa wastani, kama ile ya Limuru au Nyeri. Katika joto la pwani ni vigumu kupata mabua mazuri.

Kuhesabu Madebe

Kwa hiyo, kabla ya kununua mbegu, yampasa mwenye bustani ayahesabu maji yake. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 3 huchukua miche 30, ikiwa kati ya mche na mche pana sentimita 30. Wakati wa kiangazi tuta hilo hutaka kiasi cha debe moja, yaani kama lita 20, kila siku. Na seleri hukaa tutani miezi mitatu hadi minne. Nyumba yenye bomba haitaona tabu. Lakini mahali ambapo mama au mtoto huchota maji mtoni, debe hilo ni safari moja zaidi kila siku, na ni haki kuulizana mapema ni nani atakayeibeba. Afadhali miche 10 inayonyweshwa vema kuliko 30 yenye kiu.

Kitalu

Mbegu za seleri ni ndogo mno: gramu moja ina mbegu zaidi ya 2,000. Zipandwe katika kitalu au sanduku lenye udongo laini uliochekechwa na kuchanganywa na mboji. Zisifunikwe kwa udongo mwingi, kwa sababu zahitaji mwangaza ili ziote. Yatosha kuzibonyeza kidogo kwa ubao. Maji yanyunyizwe polepole, yasije yakazisomba.

Hapa ndipo subira inapotakiwa. Mbegu huota baada ya wiki mbili au tatu, na wengi hukata tamaa siku ya kumi, wakakichimbua kitalu kilichokuwa karibu kuchipua. Miche huwa tayari kuhamishwa baada ya wiki kumi hivi, ikiwa na urefu wa sentimita 10 hadi 15. Anayepanda mbegu katikati ya Januari ataihamisha miche mwishoni mwa Machi, mvua za masika zinapoanza, na mvua itamchotea maji kwa muda.

Tutani

Tuta lichimbwe vizuri na kutiwa toroli moja ya samadi iliyooza kabisa. Miche ihamishwe jioni, wala kitovu chake, yaani pale majani machanga yanapotokea, kisifukiwe. Kisha udongo ufunikwe kwa nyasi kavu ili unyevu usipotee upesi. Palizi ifanywe kwa mkono, kwa kuwa jembe hukata mizizi ya juu.

Maji yamwagwe chini, si juu ya majani, na ifaavyo asubuhi. Majani yakilala na maji, ugonjwa wa madoa huenea kwa urahisi. Majani yenye madoa yang'olewe na kuchomwa, na msimu ufuatao seleri isirudishwe katika tuta lile lile. Miche michanga ikipigwa na baridi kali kwa siku nyingi, huweza kutoa maua kabla ya wakati, na mabua yake hayafai tena.

Anayependa mabua meupe yenye ladha ya upole ayafunge kwa karatasi nene wiki mbili au tatu kabla ya kuvuna, akiyaacha majani ya juu yapate jua.

Kuvuna

Kwa matumizi ya nyumbani, si lazima kung'oa mmea mzima. Mabua ya nje yaweza kukatwa moja moja, na ya ndani yakaendelea kukua. Mabua na majani hutiwa katika supu na mchuzi. Utomvu wake huweza kuwasha ngozi ya watu wengine wakiwa juani. Basi ni vema kuvuna asubuhi na kunawa mikono.

Bua likivunjwa, lisikike likikatika. Likikatika safi, mkulima ameishinda kazi yake. Likivutika kwa nyuzi, ajue kuwa kuna siku tuta lilikosa maji. Na msimu ujao asiongeze mbegu kabla hajaongeza debe.