Mwili wa Mateka Ulikuwa wa Nani?

SWALI: Ninasoma kidato cha tano Lushoto. Darasani utumwa huelezwa kwa mashamba na pembe za ndovu. Je, uligusa pia ndoa na mapenzi?

JIBU: Uligusa sana, mwanangu, na walioumia zaidi ni wanawake. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, Wakilindi, ukoo wake wa kifalme, walipigana vita kugombania utawala wa Usambara. Mwanawe Semboja alikuwa Mazinde, chini ya milima, kwenye njia ya misafara. Mateka wa vita hivyo, wakiwamo wanawake na watoto, waliuzwa kuelekea Pangani, pwani.

Binti aliyenunuliwa aliweza kufanywa suria. Hakuulizwa kama anataka. Bwana alilala naye kwa kuwa amemlipia. Kwangu huo ni ubakaji uliopewa kibali, hata kama mtoto aliyezaliwa alihesabiwa huru. Unguja, amri ya 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, lakini masuria wakaachwa nje. Walisubiri hadi 1909! Miaka kumi na miwili, kwa hoja kwamba eti wao ni kama wake wa nyumbani.

Wajerumani, waliouita mji wako Wilhelmstal, hawakuufuta utumwa. Tanganyika ulifutwa na Waingereza mwaka 1922. Walichokataza Wajerumani, mwaka 1906, ni ndoa kati ya Wazungu na Waafrika. Mzungu kuwa na kimada Mwafrika kuliendelea, ila mwanamke huyo hakuweza kudai haki za mke.

Ukikipata kitabu *Habari za Wakilindi* cha Abdallah bin Hemedi, kisome ukifuatilia wanawake wanavyotajwa.