Somo la Vikundi: Msimnyamazishe Anayepima



Katika somo la mwezi huu tunataka tujifunze pamoja juu ya jambo linalogusa mashamba yetu, mifugo yetu na watoto wetu hapa Maretadu. Wako watu ambao kazi yao ni kupima. Mmoja hupima mvua, mwingine hupima damu, mwingine huandika wagonjwa na wafu katika daftari. Watu hawa wakiachwa waseme walichokiona, wengi hupona. Wakinyamazishwa kwa sababu habari yao haipendezi, anayeumia kwanza ni mtu wa kijijini. Someni polepole, na mwisho mtaona maswali ya kuzungumza.

1. Mvua ina hesabu

Wazee wetu walijua kusoma upepo na mawingu, na ujuzi huo tusiudharau. Lakini leo majira yenyewe yanabadilika. Moshi wa makaa ya mawe na mafuta, pamoja na ukataji wa misitu, umeongeza hewa zinazozuia joto la dunia lisitoke. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja, huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Basi jua huukausha udongo upesi zaidi, na mvua inapokuja huja kwa kishindo. Hayo ndiyo wataalamu wanayoyaita mabadiliko ya tabianchi.

Mwaka 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema kwamba kwa sababu ya joto la bahari, yaani El Niño, mvua za vuli zingekuwa nyingi. Jumapili tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang, ulio kusini mwetu, ilinywa maji ikalegea, ikamomonyoka. Tope, mawe na magogo yakashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Hatusemi kwamba tope lile lililetwa na moshi wa viwanda peke yake, maana mlima ulikuwa na miamba dhaifu. Tunasema kwamba habari ya mvua nyingi ilikuwapo. Lakini kutoka habari hiyo mpaka kujua ni korongo gani litakaloleta tope, wanahitajika wapimaji wengi zaidi, wala si wachache.

Jirani zetu wa Kenya nao walipata somo mwaka huohuo. Mwanzoni mwa Oktoba Rais William Ruto aliwaambia wananchi kwamba El Niño iliyotazamiwa haingekuja tena. Watabiri wa serikali yake wakalazimika kueleza kwamba mvua kubwa bado zinatazamiwa. Kabla mwaka haujaisha, mafuriko yalikuwa yameua watu zaidi ya 100.

2. Maji, mbu na mifugo

Mabadiliko ya mvua hayaishii shambani. Vijidudu vya malaria ndani ya mbu huhitaji joto ili vikomae, na penye baridi ya chini ya nyuzi 16 hivi vile vibaya zaidi haviwezi kukomaa. Baridi ya vilele vya Mbulu imekuwa ngao kwa watu wa huko. Joto likipanda, ngao hiyo hupungua.

Tena wafugaji waikumbuke Homa ya Bonde la Ufa. Mayai ya mbu wanaoieneza hulala katika udongo wa mabonde miaka mingi, yakingoja mafuriko. Mwishoni mwa mwaka 2006 wataalamu waliokuwa wakipima joto la bahari na kutazama majani kwa setilaiti walionya kwamba homa hiyo ingeweza kuzuka Afrika Mashariki. Mapema mwaka 2007 ikaingia Tanzania, ikianzia upande huu wa kaskazini. Ng'ombe, kondoo na mbuzi walitupa mimba, na watu zaidi ya 100 wakafa. Hapa tunaona kwamba kipimo cha baharini kinaweza kumwonya mchinjaji wa kijijini asishike damu ya mnyama mgonjwa, mradi tu habari imfikie.

3. Mpimaji anaponyamazishwa

Sasa tutazame yaliyotokea katika nchi yetu. Tunayaandika ili tujifunze, si kwa kumsengenya aliyekwisha kufa.

Kwanza, mwezi Desemba 2016 Dkt. Mwele Malecela, aliyekuwa mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, alitangaza kwamba katika damu zilizopimwa dalili za virusi vya Zika zilionekana. Wizara ya Afya ikasema hapakuwa na mlipuko wa ugonjwa. Kweli, kuona dalili katika damu si sawa na kuthibitisha mlipuko, na tofauti hiyo ilifaa ielezwe. Lakini siku iliyofuata Rais John Magufuli alimwondoa katika kazi yake. Dkt. Malecela akaenda kulitumikia Shirika la Afya Duniani mpaka alipofariki mwaka 2022. Je, mpimaji mwingine aliyeona hayo alijifunza nini?

Pili, mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilibadilishwa, ikawa ni kosa kutangaza hesabu zinazopinga hesabu za serikali. Jambo hilo lilirekebishwa mwaka 2019.

Tatu, korona. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Mwezi Mei Rais alisema kwamba papai na mbuzi walipopimwa walionekana wana ugonjwa, na mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa. Kushuku kipimo ni halali; dawa yake ni kupima tena mbele ya mashahidi. Lakini taarifa za wagonjwa zilikoma, ikabaki hesabu ya wagonjwa 509 na wafu 21, kana kwamba hakuna tena aliyeugua. Makanisa yalibaki wazi, tukaitwa kuomba siku tatu. Kuomba ni wajibu wetu, wala hatuukatai. Ila aombaye kwa moyo hafichi daftari la wafu. Mwezi Januari 2021 maaskofu Wakatoliki walionya juu ya wimbi jipya, wakawataka watu wajikinge. Mwezi Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu, na chanjo zikaanza kutolewa. Katika muda ule wa kimya wengi waliofiwa hawakuambiwa ndugu yao amekufa kwa ugonjwa gani, wala waliomwosha hawakujua wajikingeje.

4. Si kwetu tu

Tusidhani jambo hili ni la nchi maskini peke yake. Mwezi Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya kuitoa nchi yake katika Shirika la Afya Duniani na katika Mapatano ya Paris juu ya tabianchi, na misaada mingi ya nje ikasimamishwa. Mtandao wa kuonya mapema juu ya njaa, ulioanzishwa mwaka 1985 baada ya njaa kubwa ya Ethiopia, ulizimwa kwa miezi kadhaa. Msaada wa uchunguzi wa nyumba kwa nyumba juu ya afya ya mama na mtoto, ambao Tanzania imeutumia tangu mwaka 1991, ukakatwa. Kalamu moja ya Washington iligusa hesabu ya mtoto wa Mbulu.

5. Je, wataalamu hawakosei?

Hukosea, tena mara nyingi. Lakini mpimaji mwema huonyesha njia aliyopimia ili mwingine arudie na kumsahihisha. Mwenye amri akikosea, nani atamsahihisha ikiwa daftari limefungwa?

Katika kitabu cha Yeremia, sura ya 36, tunasoma habari za mfalme Yehoyakimu. Aliposomewa gombo lenye habari mbaya alilikata kwa kisu, akalitupa motoni kipande kwa kipande. Gombo likateketea, lakini Wababeli hawakuacha kuja.

6. Tufanye nini hapa Maretadu?

(a) Kila kikundi kiweke kipima mvua. Kopo lenye pande zilizonyooka lafaa. Liwekwe mahali pa wazi, na kila siku saa 3 asubuhi maji yapimwe kwa rula, yaandikwe katika daftari, kisha yamwagwe. Milimita moja ni lita moja juu ya kila mita moja ya mraba. Mvua ya milimita 50 humwaga juu ya ekari moja lita laki mbili hivi. Ukijua hayo utaona kwa nini makinga maji hayafai kungoja.

(b) Mnyama akitupa mimba, au watoto wengi wakiugua kwa pamoja, tumwambie bwana mifugo au mganga wa zahanati siku ileile. Tusifiche kwa kuogopa soko litafungwa.

(c) Kiongozi akileta habari mbaya iliyo ya kweli, tumshukuru. Sisi wenyewe tukimzomea, tunamfundisha kutudanganya.

Maswali ya kuzungumza vikundini

1. Katika kijiji chetu ni habari gani ambazo watu huzificha kwa aibu au kwa hofu? Nani huumia?
2. Kuna tofauti gani kati ya kushuku kipimo na kumfukuza aliyepima?
3. Maombi na vipimo vyaweza kwenda pamoja namna gani nyumbani mwa mgonjwa?
4. Nani miongoni mwetu atalitunza daftari la mvua mwaka huu, na nani atamrithi?

Majibu yaandikwe, yaletwe kwenye mkutano wa mtaa, ili vikundi vyote visaidiane.