NJIA YA WATU WA MIGUU

1. Nyangwe ni mji wa kale, kando ya mto Lualaba. Mwaka 1871 msafiri David Livingstone alikaa huko, akaliona soko lake. Siku ya soko watu zaidi ya elfu walikusanyika, wengi wao wanawake. Walikuja kwa mitumbwi na kwa miguu, wakichukua mizigo yao. Siku zile njia ilikuwa ya mwenye miguu.

2. Katika miji mikubwa mambo yaligeuka. Motokaa zilipoongezeka, zilitwaa njia karibu yote. Mama mwenye kikapu akabanwa ukingoni, kati ya mfereji na magurudumu. Tena mbio huua. Mtu akigongwa na motokaa iendayo kilometa 30 kwa saa, mara nyingi hupona; ikienda kilometa 50, hatari huzidi sana.

3. Wakubwa wa mji wa Kigali, katika Rwanda, walitafuta dawa. Mwaka 2015 walifunga njia moja katikati ya mji, motokaa zisipite. Lakini wenye maduka walinung'unika, kwa maana wanunuzi walipungua. Njia ilifungwa, lakini haikutengenezwa. Mtu hapendi kukaa mahali pasipo kitu cha kumvuta.

4. Baadaye njia ile ilitengenezwa upya. Walipanda miti, wakaweka viti, na mahali pa watoto kuchezea. Tangu mwaka 2022 huitwa Imbuga City Walk. «Imbuga» kwa Kinyarwanda ni uwanja. Sasa watu hupumzika na kuongea hapo.

5. Huko Nairobi, njia ya Luthuli Avenue haikufungwa. Mwaka 2019 motokaa ziliachiwa upande mmoja tu wa kwendea, na sehemu ya watu wa miguu ikapanuliwa.

6. Basi, njia njema ina mambo manne: nafasi ya kutembea, kivuli, mahali pa kuvukia, na mwendo wa polepole. Hata kijijini, ambako pikipiki na watoto wa shule hupita njia moja, mambo hayo yafaa. Asiye na motokaa naye ni mwenye njia.

MASWALI
1. Watu walikwendaje soko la Nyangwe zamani?
2. Kwa nini wenye maduka wa Kigali walinung'unika?
3. Kufunga njia na kuitengeneza, ni tofauti gani?
4. Taja mahali pa hatari katika njia ya shule. Pangetengenezwaje?