Mita Moja na Nusu: Mafunzo Niliyopata kwa Kuripoti Madereva Wanaotubana

Ninaishi Uingereza, na kazini ninakwenda kwa baiskeli, iwe kiangazi au majira ya baridi. Kila anayeendesha baiskeli huku anaujua upepo wa gari linalokupita karibu mno: usukani unayumba, bega linajikunja lenyewe, na kabla hujavuta pumzi dereva keshatokomea. Zamani tulimeza tu. Siku hizi polisi wa sehemu nyingi za England na Wales hupokea video za wananchi kwa njia ya mtandao, katika mpango uitwao Operation Snap ulioanzia kaskazini mwa Wales mwaka 2016. Nimeutumia, na ningependa kila Mswahili anayeendesha baiskeli nchi hii ajue namna ya kuutumia.

1. Ijue kanuni kabla ya kulalamika

Highway Code, kitabu rasmi cha kanuni za barabarani, kilirekebishwa Januari 2022. Kinamtaka dereva aache angalau mita 1.5 anapompita mwendesha baiskeli kwa mwendo usiozidi maili 30 kwa saa, yaani kama kilomita 48. Akienda kasi zaidi, aache nafasi zaidi. Nafasi isipokuwepo, asubiri nyuma.

Kuvunja kipengele hicho peke yake si kosa la jinai. Kosa linaloshtakiwa kwa kawaida ni kuendesha gari bila uangalifu, chini ya Road Traffic Act ya mwaka 1988, na mahakama inaweza kuitumia kanuni hiyo kupima uangalifu wa dereva. Kwa hiyo taarifa yangu haiishii kwenye "alinikaribia sana". Ninaeleza ni kwa nini dereva mwangalifu angesubiri: kona ilikuwa mbele, gari lilikuwa linakuja upande wa pili, au barabara ilikuwa inabanwa na kisiwa cha wavuka kwa miguu.

2. Iandae kamera ukiwa bado nyumbani

Lenzi pana za kamera ndogo za waendesha baiskeli hulifanya gari lionekane liko mbali kuliko lilivyokuwa. Ulichokihisi kwenye kiwiko, askari anaweza asikione kwenye skrini. Ndiyo maana nimefunga kamera mbili, mbele na nyuma, na ninazielekeza ili mstari wa barabara na ukingo vionekane. Vitu hivyo ndivyo vinavyompa mtazamaji kipimo.

Kila asubuhi ninafuta lenzi kwa kitambaa, maana tone moja la mvua linatosha kuficha namba za gari. Gari likinibana, ninazisoma namba zake kwa sauti papo hapo ili kipaza sauti kizinase. Saa ya kamera nayo inahitaji kuangaliwa, hasa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, nchi nzima inapobadilisha saa. Muda wa kwenye video usipolingana na muda ulioandika, umempa wakili wa dereva pa kushikia.

3. Usiilaze taarifa

Kwa makosa ya aina hii, polisi kwa kawaida wana siku 14 tu za kumfikishia mmiliki wa gari notisi kwamba kuna kusudio la kushtaki. Mmiliki naye anabanwa na sheria ataje nani alikuwa kwenye usukani. Video inapaswa kutazamwa na askari, gari litafutwe kwenye rejista, barua iandikwe na ifike, yote ndani ya siku hizo. Ukikaa nayo wiki nzima, umewapunguzia polisi nusu ya muda wao.

Mimi hukaa kwenye kompyuta jioni ileile. Natuma video isiyohaririwa, ikiwa na dakika kadhaa kabla na baada ya tukio, kama fomu inavyoelekeza. Wewe pia utatazamwa: kama ulipita kwenye taa nyekundu, itaonekana.

4. Andika kama shahidi

Hili ndilo funzo kubwa kuliko yote. Unapofika nyumbani ukiwa bado unatetemeka, mkono unataka kuandika matusi. Lakini hasira hasara. Askari anayeisoma taarifa yako anatafuta kitu kimoja: ulichokiona na kukisikia. Maelezo yangu huwa hivi:

"Saa 1:40 asubuhi. Manyunyu, taa zangu zinawaka. Nilikuwa kama mita moja kutoka ukingoni, nikienda moja kwa moja. Vani nyeupe ilinipita tulipokaribia kisiwa cha wavuka kwa miguu, huku gari jingine likija upande wa pili. Kioo chake cha pembeni kilikuwa usawa wa bega langu. Nilifunga breki."

Sisemi kwamba dereva alikusudia kuniua, kwa sababu sijui moyoni mwake mlikuwa na nini. Maelezo hayo nayatia saini, na naweza kuitwa mahakamani kuyasimamia neno kwa neno. Kwa sababu hiyohiyo simfukuzi dereva, simtukani, wala siirushi video mitandaoni wakati shauri liko mikononi mwa polisi.

5. Lengo ni nafasi, si kisasi

Dereva anaweza kupata barua ya onyo, kozi anayoilipia mwenyewe, faini ya pauni 100 na pointi 3 kwenye leseni, au kupelekwa mahakamani. Anayefikisha pointi 12 ndani ya miaka 3 kwa kawaida hunyang'anywa leseni. Mara nyingi mimi sijui kilichoamuliwa, na nimekubali hivyo.

Kilichonipa moyo ni walichofanya polisi wa West Midlands mwaka 2016. Askari waliovaa kiraia walipanda baiskeli mitaani Birmingham, na kila walipobanwa waliwapigia redio wenzao waliosubiri mbele. Madereva wengi waliosimamishwa walipewa somo palepale kando ya barabara, wakaoneshwa kwenye mkeka uliotandazwa chini nafasi inayomstahili mwendesha baiskeli. Wale waliokosea vibaya zaidi walishtakiwa. Kazi hiyo ilinionesha kwamba dereva aliyeelimishwa ni ushindi kamili.

6. Ugeni usikunyamazishe

Kijana mmoja wa Mombasa, anayesambaza chakula kwa baiskeli, alinionesha video ya lori lililompita nusura limguse. Nilipomwambia airipoti, akajibu, "Dada, mimi na polisi wapi na wapi?" Nilimwelewa. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo kwenda kituoni ni kujitafutia balaa. Tukakaa, tukajaza fomu pamoja, sentensi fupifupi za alichokiona.

Wanaosambaza chakula wako barabarani mchana na usiku, mvua na baridi, na ndio wanaobanwa kuliko wengi wetu. Wakinyamaza wao, polisi hawatajua ni barabara zipi zina hatari na saa ngapi. Lafudhi haipunguzi uzito wa ushahidi. Kwa hiyo ukibanwa, kwanza fika salama. Kisha hifadhi video, andika ulichokiona, na uitume siku hiyohiyo. Na kama una mwenzako asiyejua pa kuanzia, kaa naye mpaka fomu iishe.