Ufundi Ninao, Hamu Imekwisha

*Shikamoo Shangazi,*

*Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 34. Kazi ipo: magauni ya vitenge, sare za shule, na msimu wa harusi na sendofu nakesha. Wateja wananisifu na kodi ya fremu nalipa kwa wakati. Lakini zamani nikiona mshono mpya nilikuwa situlii mpaka nijue umekatwaje. Siku hizi nakata kwa mazoea, mara nyingine nalipua tu. Makoti nimeacha kupokea, wateja nawaelekeza kwa fundi wa mtaa wa pili, maana kupachika mikono yake kunanishinda. Juzi kijana ninayemfundisha kaniuliza kwa nini mkono wa koti unajikunja begani, nikamkaripia. Je, kazi imenichosha au kipaji kimeisha? Nifanye nini hamu irudi?*

*Fundi, Morogoro*

Marahaba mwanangu,

Kipaji hakijaenda popote. Vitenge na sare unavishona bila kufikiri, na hapo ndipo palipokuchosha. Ila ulipoulizwa habari za koti ulipandwa na hasira, na mtu hakasirishwi na jambo asilolijali. Naona hamu yako umeielekeza mtaa wa pili pamoja na wale wateja.

Sidharau pesa, ada ya shule hailipwi kwa hamu. Lakini pesa inakufikisha kwenye cherehani asubuhi, haikulazimishi ushone vizuri kuliko jana. Mwaka 1971 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Deci, alichapisha majaribio aliyofanya na wanafunzi wa chuo waliopewa fumbo la kupanga vipande. Walioanza kulipwa kwa kila fumbo walilolitatua, malipo yalipokoma, walilichezea muda mfupi zaidi kuliko awali pale walipoachwa wafanye watakalo. Wewe nawe umezoea kuupima mshono kwa bei yake. Gauni likilipiwa, umemalizana nalo.

Na hizo sifa za wateja? Zinatia moyo, lakini mteja anaona rangi na jinsi nguo ilivyomkaa. Bitana haigeuzi. Anayekufaa ni mtu mwenye jicho kali kuliko lako, atakayegusa bega na kukuonyesha ulipokosea. Mtu huyo unamjua, ni fundi wa mtaa wa pili. Mfuate, wala usione haya. Mlipe au mpe kazi zako za vitenge zikikuzidi, naye akuelekeze.

Kisha tafuta marikani ya bei nafuu, ukate mikono ya koti isiyo ya mteja yeyote. Kichwa cha mkono hukatwa kikubwa kidogo kuliko tundu la kwapa. Ziada hiyo hukusanywa taratibu kwa sindano ya mkono, kisha husinyazwa kwa pasi yenye mvuke kabla ya kupitisha cherehani. Ukiharakisha, bega linajikunja. Pachika, fumua, pachika tena. Kila mkono uandike tarehe kwa chaki na uutunze, ili ukikata tamaa uulinganishe na ule wa kwanza. Kuona kwa macho yako kwamba umesogea ndiko kutakakokurudisha mezani kesho yake.

Usitegemee kwamba utafurahia kila saa ya mazoezi hayo. Mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1993, waliwahoji wapiga fidla wa chuo cha muziki mjini Berlin. Walisema mazoezi ya peke yao ndiyo yanayowainua zaidi, lakini hawakuyataja miongoni mwa mambo yanayowafurahisha zaidi. Kwa hiyo ukihisi uzito, usidhani umepotea njia. Fanya saa moja asubuhi kabla wateja hawajaingia, usifanye usiku ukiwa hoi.

Yule kijana mwombe radhi, umwambie wazi kuwa mkono wa koti bado unakushinda, na mjifunze pamoja. Maswali yake yatakubana kuliko mteja yeyote.

Ukishapata mkono uliotulia begani, pokea koti moja la mteja, umwombe muda wa kutosha. Ukifika koti la tatu na bado huoni tofauti yoyote moyoni, niandikie tena. Hapo ndipo tutazungumza habari za kubadili kazi, si sasa.

Shangazi